Kijana Aliyelala Dirishani

Wengine wenu mnatusikiliza mkiwa jikoni, mkichochea moto wa chai. Wengine mko kituoni mkingojea basi. Na wengine, twajua, mmo ndani ya magari, mmeshika usukani tangu usiku wa manane. Neno letu la asubuhi hii ni la ninyi wa kundi hilo la mwisho, na hasa kama wewe ungali kijana. Lakini wazee msiende mbali, maana mtatajwa.

Somo letu latoka katika Matendo ya Mitume, mlango wa 20, mstari wa 7 hadi wa 12. Aliye na Biblia karibu na afungue. Aliye kwenye usukani na asikilize tu.

Paulo alikuwa Troa, naye alikuwa aondoke kesho yake. Basi waumini walikusanyika katika chumba cha orofa ya juu wamege mkate, na Paulo akahubiri mpaka usiku wa manane. Mlikuwa na taa nyingi mle chumbani. Kijana mmoja jina lake Eutiko alikuwa ameketi dirishani. Usingizi ukamlemea, Paulo akazidi kunena, na kijana akaanguka toka orofa ya tatu. Walipomwinua alikuwa amekufa. Paulo akashuka, akamkumbatia, akawaambia watu wasifanye ghasia, maana uzima wake ulikuwa ungali ndani yake. Ibada ikaendelea mpaka alfajiri, na kijana akarudishwa kwao akiwa hai.

Tumeisikia habari hii ikihubiriwa mara nyingi, na karibu kila mara Eutiko huchapwa viboko. Husemwa kuwa ni mfano wa Mkristo mlegevu, kijana asiyependa neno la Mungu, anayekaa dirishani ili mguu mmoja uwe kanisani na mwingine ulimwenguni. Sisi wenyewe tumehubiri hivyo, tena zaidi ya mara moja. Lakini tazameni vile Luka alivyoiandika. Luka alikuwa tabibu, na hapa anaandika kama tabibu. Anataja saa, anataja taa, anataja kwamba mahubiri yalikuwa marefu. Hasemi kwamba kijana alidharau neno. Asema usingizi ulimlemea, kama vile mzigo unavyomlemea mtu aliyeubeba mpaka nguvu zikaisha. Wala hakuna mahali palipoandikwa kwamba Paulo alimkemea.

Twayasema haya kwa sababu ya jambo lililotupata sisi.

Miaka michache iliyopita tulikuwa na kesha katika ushirika wetu, Ijumaa moja ya mwezi wa Desemba. Mpiga gitaa wetu alikuwa kijana wa miaka 19, mtoto mwema, aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia na kupata leseni yake miezi michache tu kabla. Ijumaa hiyo aliamka saa kumi na moja alfajiri kukamua ng'ombe wa baba yake. Mchana kutwa akabeba viti na kufunga hema. Jioni akaoga, akaja kanisani, akapiga gitaa usiku kucha. Sisi wazee tulikuwa tukitikisa vichwa kwa furaha na kuambiana, “Mwone yule kijana, hachoki!” Ombi la mwisho lilikwisha saa kumi na moja ya Jumamosi. Hesabuni wenyewe. Alikuwa amekaa macho saa 24 kamili.

Akina mama walitaka kuwahi nyumbani kwa sababu ya ng'ombe na watoto. Pikapu ya baba yake ilikuwa pale nje. Mmoja wetu akamwita, akamwambia, “Mwanangu, turudishie mama hawa.” Akaitika, “Sawa, mzee.” Ni kijana gani wa kwetu angemjibu mzee wa kanisa, “Siwezi, nina usingizi”? Wakapanda watu saba nyuma, wakiimba.

Safari yenyewe ilikuwa kilomita tisa. Gari halikuacha barabara kwenye kona, wala kwenye daraja, wala pale penye mashimo tunapopalalamikia kila mwaka. Liliacha barabara mahali palinyooka kama rula, likaruka mtaro, likaingia katika shamba la chai na kugonga kisiki. Mama mmoja alivunjika nyonga. Msichana mmoja wa kwaya, mwanafunzi wa kidato cha pili, alifariki siku ya tatu hospitalini.

Kule Troa Paulo alishuka ngazi. Sisi hatukuwa na Paulo.

Maneno yakaanza, kama ilivyo desturi. Wengine walisema kijana alikuwa amelewa. Polisi walimpima pumzi kwa kile kifaa tukiitacho alkoblo, wakaona hana hata tone. Wengine wakasema pale mahali pana shetani. Wengine wakasema ni mapenzi ya Mungu, na hao ndio waliotuumiza zaidi. Afisa wa polisi aliyekuja kupima barabara alituonyesha jambo moja tu: lami ilikuwa safi, hapakuwa na alama ya breki. Naye kijana alikuwa akirudia neno lile lile, “Sikulala. Nilikuwa nikiiona barabara.” Tulidhani anasema uongo ili ajiokoe.

Wapenzi, hakuwa akisema uongo. Hili ndilo twataka mlishike. Mwili uliochoka sana hauombi ruhusa. Ubongo hujizima kwa sekunde mbili, tatu, nne, kisha hujiwasha, na mara nyingi mwenyewe hajui kama alizimika. Macho yaweza hata kuwa wazi. Ukiwa kitini kanisani, sekunde nne si kitu; kichwa kitainama, jirani atakugusa kwa kiwiko. Lakini gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita zaidi ya mita 22 kwa sekunde moja. Kwa sekunde nne limekwenda karibu mita 90, yaani karibu urefu wa uwanja wa mpira, na hakuna mtu kwenye usukani. Ndiyo maana hapakuwa na alama ya breki. Aliyelala hapigi breki. Mlevi angalau hujaribu, ingawa huchelewa.

Na tukitaja ulevi, ninyi mnaojivunia kwamba hamjagusa pombe, sikilizeni. Mwaka 1997 wataalamu wa Australia walichapisha matokeo ya kuwapima watu waliokaa macho muda mrefu. Baada ya saa 17 bila kulala, utendaji wao ulikuwa umeshuka sawa na wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, kiasi ambacho katika nchi nyingi ni marufuku kuendesha nacho gari. Baada ya saa 24 ulikuwa kama wa mwenye karibu maradufu ya kiasi hicho. Basi kijana wetu mpiga gitaa, ambaye hajaonja pombe maisha yake yote, tulimpandisha garini akiwa na hali ya mlevi, kisha tukawapandisha mama zetu nyuma yake. Huko New Jersey, Marekani, ilipitishwa sheria mwaka 2003 inayoruhusu mtu aliyekaa macho zaidi ya saa 24, kisha akaua kwa gari, ahesabiwe kuwa dereva mzembe asiyejali uhai. Sisi tulikuwa tukimhesabu kuwa shujaa wa imani.

Kwa nini tunasema na vijana hasa? Si kwa sababu vijana ni wabaya kuliko wazee. Mwili wa kijana unaokua wahitaji usingizi mwingi kuliko wa baba yake. Waganga wa mambo haya wanasema saa 8 hadi 10 kwa walio kati ya miaka 13 na 18. Tena katika umri huo saa ya mwilini husogea mbele, hata usingizi haumjii mapema jioni, na asubuhi ndipo humshika sana. Wazazi huona hayo wakasema, “Mtoto huyu mvivu.” Shuleni anaamshwa kwa kengele kungali giza na usiku anasoma mpaka saa nne. Anamaliza shule akiwa na deni la usingizi la miaka minne, na zawadi tunayompa ni funguo za gari. Katika jimbo la North Carolina, kule kule Marekani, walichunguza maelfu ya ajali zilizotokana na dereva kulala, wakakuta kwamba zaidi ya nusu ya madereva hao walikuwa wa umri wa miaka 25 au chini yake. Na ajali hizo zina saa zake: kati ya usiku wa manane na saa kumi na mbili asubuhi, kisha tena alasiri, kama saa nane hadi saa kumi, mtu akiwa ameshiba na jua ni kali.

Sasa zitazameni barabara zetu. Mwaka 2021, 2022, 2023 na 2024, kila mwaka watu zaidi ya 4,000 walikufa barabarani katika nchi yetu ya Kenya. Ni wangapi kati yao waliuawa na usingizi? Hakuna kipimo cha pumzi cha usingizi. Maiti hapigi miayo, na aliyepona, kama kijana wetu, ataapa kuwa hakulala.

Tazameni vijana wa bodaboda. Tangu Serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, kazi hiyo imewapa wengi mkate, nasi twamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini kijana amekodi pikipiki, mwenyewe anataka pesa zake jioni, basi anafanya kazi ya mchana kisha anaunganisha na usiku. Mmewaona alfajiri pale stendi, wamelala juu ya tangi la mafuta, miguu ikining'inia. Heri hao waliolala stendi! Twahofu zaidi wale wengine walio njiani wamebeba mtu.

Tazameni pia utingo wa lori au wa matatu, mvulana ambaye dereva humwachia usukani usiku kukiwa kumetulia, ili mkubwa alale kidogo. Sheria ya Trafiki ilirekebishwa mwaka 2012, ikakataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Ni sheria njema. Lakini haiulizi kama huyo dereva alilala kabla ya kuanza hizo saa 8, wala haimgusi baba anayetoka Mombasa kwenda Nairobi, karibu kilomita 480, na gari lake la nyumbani. Krismasi inakuja. Familia hufunga kazi Ijumaa, hupakia mizigo mpaka saa tano usiku, kisha huondoka “ili tukwepe msongamano.” Ikifika saa tisa baba amechoka, amwambia mwana wa miaka 18, “Shika kidogo.” Yule mwana naye hakulala, alikuwa akifunga magunia juu ya gari.

Mtatuuliza, dawa ni nini? Kwanza tuseme zisizo dawa. Kufungua dirisha si dawa. Kujimwagia maji usoni si dawa, ni dakika chache tu. Miraa si dawa. Inauficha usingizi kama mtu afichaye deni chini ya mkeka, na siku ya kudaiwa itafika ghafula. Na redio si dawa. Kama kuna mtu barabarani sasa hivi ambaye ametufungulia sisi ili sauti yetu imzuie asilale, twamwambia kwa upendo kwamba hatumfai. Ukiona hukumbuki kilomita ulizopita, ukipiga miayo mfululizo, ukilivuta gari kulirudisha katikati mara kwa mara, mwili umeshanena. Ingia kituo cha petroli, mahali penye taa na watu. Kunywa kahawa kama ipo, kisha funga milango ulale dakika 20. Kahawa itaanza kazi wakati unaamka. Hiyo itakufikisha mji ulio karibu, ukatafute kitanda. Haitakufikisha Busia.

Kuna jambo jingine tulilolisikia mara nyingi, nalo ni gumu kulijibu kwa sababu lina sura ya imani. Watu husema, “Tumeomba, Mungu atatufikisha.” Zaburi ya 121 yatwambia kwamba mlinzi wetu hasinzii wala halali. Ni kweli, nasi twaamini hivyo. Lakini Zaburi hiyo haisemi kwamba ameshika usukani wa pikapu yako. Mkumbuke pale juu ya kinara cha hekalu, shetani alimwambia Bwana wetu ajitupe chini kwa kuwa malaika watamdaka. Lile pendekezo lilikuwa na andiko ndani yake, tena andiko la kweli. Yesu alilikataa, akaliita kumjaribu Mungu. Sisi tulioomba dua nzuri sana pale nje ya kanisa, tukiwa tumezunguka pikapu na mikono imeinuliwa juu ya kijana aliyekuwa akiyumba kwa usingizi, tulikuwa tumesimama juu ya kinara kile kile.

Hata Bwana Yesu mwenyewe alilala. Alipochoka alilala shetrini, kichwa juu ya mto, na wanafunzi wake wakaendesha chombo. Na Eliya alipokata tamaa kule jangwani, malaika hakumwanzia na mahubiri. Alimwacha alale, akamwamsha ale, akamwacha alale tena, akamwamsha tena ale. Hapo ndipo safari ikaanza. Zaburi ya 127 yauhesabu usingizi kati ya vitu Mungu anavyowapa wapenzi wake. Basi kwa nini katika makanisa yetu kijana akilala anaona haya, na akikaa macho tunampigia makofi? Hata Paulo, baada ya usiku ule wa Troa, soma mstari wa 13, aliwaacha wenzake wapande merikebu, yeye akaenda Aso kwa miguu. Sababu haikuandikwa. Lakini mtu aendaye kwa miguu akisinzia huumia yeye peke yake.

Tuwarudishe kwa kijana wetu. Baraza la wazee liliketi, na shauri lililokuwa mbele yetu ni kumzuia asishiriki Meza ya Bwana kwa miezi sita. Tulikuwa karibu kupiga kura. Mama yule aliyevunjika nyonga aliletwa akiwa na magongo, maana tulitaka atoe ushahidi. Akakaa, akatutazama mmoja mmoja, akasema, “Wazee wangu, nawaheshimu. Ila naomba kuuliza. Ni nani aliyemwambia aturudishe?” Hakuna aliyejibu. Akaendelea, “Nami nilimwona akigonga kichwa kwenye mlango wa gari akitafuta kitasa. Nikapanda. Kama ni kuzuiwa Meza, tuzuiwe sote.” Shauri lile likaondolewa. Katika kitabu cha kumbukumbu za baraza iliandikwa sentensi moja tu kwamba wazee wamekiri kosa lao, na twaweza kuwaambia kwamba kuiandika sentensi hiyo kulichukua muda mrefu kuliko mikutano yote ya mwaka ule.

Baba wa yule msichana hakuja kanisani kwa miezi kadhaa. Hatukumlaumu. Kisha asubuhi moja, bila kumwambia mtu, alikwenda nyumbani kwa kijana wakati wa kukamua. Hatujui waliyoambiana, wala hatukuuliza. Mama wa kijana asema walikuwa wawili zizini, kila mmoja na ndoo yake, na kwamba hakusikia maneno mengi. Paulo alipomfikia Eutiko alimkumbatia kwanza. Huenda hiyo ndiyo sehemu ya somo inayobaki kwetu tusio na uwezo wa kufufua.

Kesha bado tunafanya. Wako waliotaka tuache, lakini hatukuona sababu, maana kosa halikuwa katika kuomba. Tuliyobadilisha ni madogo. Kando ya mlango wa chumba cha wazee kuna ubao wenye misumari, na kila anayekuja kwa gari au pikipiki hutundika ufunguo wake pale kabla ya wimbo wa kwanza. Ombi la mwisho likiisha kuna chai na viazi vitamu, kisha mikeka hutandikwa katika vyumba vya Shule ya Jumapili, wanaume huku na akina mama kule, na funguo hazitolewi mpaka saa nne. Ng'ombe hupangiwa mtu mwingine wa kuwakamua siku hiyo. Mwenye haraka huenda kwa miguu kama Paulo.

Anayezitunza funguo ni yule yule kijana. Aliomba mwenyewe. Mkesha wa mwaka mpya uliopita mzee mmoja wa baraza, mtu mzito, alimwendea saa kumi na mbili asubuhi akadai ufunguo wake, kwa kuwa ana harusi ya kuhudhuria mji wa mbali. Kijana akasimama kwa adabu, akasema, “Mzee, mkeka wako ni ule wa dirishani.” Yule mzee akanung'unika sana, akataja cheo chake, akataja umri wake. Saa nne tulipokwenda kumwamsha alikuwa akikoroma.